Maswali ya Wasomaji: Kuwafikia Wenye Shida Palipo na Vita

Tuliwaomba wasomaji wanaofanya kazi za misaada ya kibinadamu katika maeneo ya vita watuandikie yanayowasumbua kuhusu usalama wao na njia za kuwafikia watu wanaowahudumia. Barua tano zimechaguliwa. Majina na mahali tumeyaondoa, kwa kuwa waandishi wake bado wako kazini hukohuko. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wafanyakazi wa misaada 383 waliuawa mwaka 2024, na walio wengi kati yao walikuwa raia wa nchi zilezile walizokuwa wakizihudumia. Nimewajibu wasomaji wetu nikiwafikiria watu hao kwanza.

Tunapeleka chakula katika wilaya ambayo barabara yake hushambuliwa mara kwa mara. Jeshi la serikali limejitolea kutusindikiza bila malipo yoyote. Mkurugenzi wetu anaona hiyo ni bahati, lakini madereva wamegawanyika. Je, tukubali?
*Msimamizi wa usafirishaji*

Ndugu msimamizi, anzeni kwa kuuliza ni nani anayeshambulia barabara hiyo na anatafuta nini. Kama ni majambazi wanaowinda mali, huenda askari wakawatisha. Lakini kama ni kundi linalopigana na jeshi hilohilo, siku mtakapoingia barabarani nyuma ya gari la askari mtakuwa mmejiweka palepale risasi zinapoelekezwa, kwa sababu gari la kijeshi ni lengo halali katika vita, na aliyetega bomu la barabarani hana namna ya kuhakikisha kwamba litalipua gari la kwanza na kuliacha la tatu.

Madhara hayaishii siku ya safari. Wanakijiji waliopokea magunia mbele ya askari wanaweza kuulizwa na upande wa pili, usiku uleule, kwa nini wamekula chakula cha adui. Shirika jingine litakalopita wiki inayofuata bila askari nalo litadhaniwa kuwa la upande huo, hata kama limetumia miaka mingi kujenga uaminifu kwa pande zote mbili. Ndiyo maana miongozo ambayo mashirika ya Umoja wa Mataifa na washirika wao walikubaliana mwaka 2013 inasema kwamba kanuni ya jumla ni kutosindikizwa na watu wenye silaha, na kwamba kufanya hivyo ni njia ya mwisho kabisa, pale ambapo maisha ya watu yanategemea msaada huo na kila njia nyingine imeshajaribiwa.

Njia hizo nyingine ni nyingi kuliko tunavyodhani tunapokuwa na haraka. Jeshi linaweza kuombwa lilinde eneo na kufanya doria zake kwa ratiba yake, bila kufuatana na msafara. Shughuli inaweza kukabidhiwa shirika la wenyeji ambalo tayari linapita. Mizigo inaweza kugawanywa katika magari madogo ya wafanyabiashara ambao barabara hiyo ni njia yao ya kila siku. Pande zinazopigana zinaweza kuombwa zisitishe mapigano kwa muda mfupi, jambo ambalo limewahi kufanikiwa hata katika vita vikali: kuanzia mwaka 1985 nchini El Salvador, serikali na waasi walikuwa wakinyamazisha bunduki kwa siku chache kila mwaka ili watoto wapate chanjo.

Hata hivyo, nisingependa msomaji yeyote aondoke na imani kwamba kukataa silaha ni salama siku zote. Juni 2012 msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norway ulivamiwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, dereva mmoja akauawa na wafanyakazi wanne wakatekwa nyara. Shirika lilikuwa limeamua kutosindikizwa na askari. Mmoja wa waliotekwa alifungua kesi, na mwaka 2015 mahakama ya Oslo ikaamua kwamba hatari ya utekaji ilikuwa inaonekana mapema na kwamba mwajiri alifanya uzembe mkubwa. Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake na dereva wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani waliuawa kaskazini mwa Goma, katika barabara iliyokuwa imeainishwa kuwa inafaa kupitwa bila walinzi. Kutoka katika matukio hayo mawili ninachukua jambo moja: kukataa kusindikizwa ni uamuzi wa kiusalama kama uamuzi mwingine wowote, nao unahitaji taarifa za siku ileile, maelezo ya maandishi na mtu aliyetia saini.

Kwa jinsi ulivyoeleza hali yenu, mimi ningekataa. Jeshi hilo ni sehemu ya mapigano, na hujataja mazungumzo yoyote na upande wa pili. Waiteni madereva waseme wanachokijua kuhusu barabara hiyo kabla mkurugenzi hajajibu barua ya jeshi, kwa kuwa mgawanyiko wao una sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni habari ambayo haijafika ofisini.

Kila wiki tunazitumia pande zote za vita maelezo ya mahali zilipo zahanati zetu na safari za magari yetu. Baada ya yaliyotokea kwa wenzetu kwingineko, je, kazi hii ina faida yoyote?
*Mratibu wa mawasiliano*

Uchungu ulio ndani ya swali hili naufahamu. Hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, ilishambuliwa na ndege ya Marekani tarehe 3 Oktoba 2015 na watu 42 wakafa, ingawa shirika hilo lilikuwa limeshapeleka taarifa za mahali hospitali ilipo. Tarehe 1 Aprili 2024 wafanyakazi saba wa World Central Kitchen, shirika linalogawa chakula cha msaada, waliuawa Gaza katika msafara ambao safari yake ilikuwa imeratibiwa na jeshi la Israeli.

Taarifa mnazozituma hazizai ulinzi wenu. Ulinzi huo unatokana na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na Itifaki zake za Ziada za mwaka 1977, na unamfunga anayepigana hata kama hamkumwandikia neno. Kazi ya taarifa ni kumwondolea kisingizio cha kutojua na kuacha kumbukumbu itakayosomwa na wachunguzi. Hiyo peke yake inatosha kunifanya niseme muendelee.

Lakini badilisheni namna mnavyozituma. Barua pepe isiyojibiwa msiihesabu kuwa imefika. Daini jibu la maandishi lenye cheo cha aliyepokea. Ulizeni taarifa inapita mikono mingapi hadi kumfikia rubani, mrushaji wa droni au mpiga mizinga, na kama inafika kwa askari wa zamu ya usiku. Muwe na namba ya simu ya mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha mashambulizi, na muijaribu siku ya utulivu. Gari likibadilisha njia, taarifa ya zamani ifutwe rasmi. Na pale mnapoona kwamba upande mmoja unatumia maelezo hayo kuwawinda wagonjwa au madaktari, mna haki ya kuacha kuyatoa, mkilijadili kwanza na mashirika mengine ili msifanye peke yenu.

Kamanda wa kundi lenye silaha linalotawala eneo tunaloingia ametutaka tulipe ada ya usajili, tumpe orodha ya majina ya wote wanaopokea msaada, na tuache sehemu ya magunia kwenye kizuizi. Serikali nayo inasema kuongea na kundi hilo ni kosa. Tukikataa, watu elfu kadhaa watakosa chakula.
*Mkuu wa ofisi ya eneo*

Barua yako ina mambo manne, na kila moja lina jibu lake.

La mazungumzo ndilo jepesi kisheria. Kifungu cha 3 kinachofanana katika Mikataba yote minne ya Geneva kinaliruhusu shirika la kibinadamu lisilopendelea kutoa huduma zake kwa kila upande wa mapigano, na huwezi kutoa huduma kwa mtu usiyezungumza naye. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kumtolea upande huo huduma hakubadilishi hadhi yake, hoja ambayo ni vizuri kuitaja mbele ya maofisa wa serikali, kwa kuwa mara nyingi wanachoogopa ni kwamba mnawatambua waasi. Kwa makundi yaliyowekewa vikwazo na Baraza la Usalama, azimio namba 2664 la Desemba 2022 liliondoa shughuli za kibinadamu katika marufuku ya kugusa mali zilizozuiwa. Sheria za nchi fulani bado zinaweza kuwa kali zaidi ya hapo, kwa hiyo mtafuteni mwanasheria wa nchi mliyomo na wa nchi ya mfadhili wenu.

La orodha ya majina jibu lake ni hapana, na hapana hiyo isilegezwe. Orodha ya kaya zenye vijana wa kiume, wajane na watu waliohamia kutoka upande wa pili inaweza kugeuka orodha ya kukamata au ya kuua. Anachoweza kupewa kamanda ni idadi ya kaya kwa kila kijiji, aina ya mgao, na maelezo ya vigezo vya kuchagua wanaostahili. Mara nyingi hilo linatosha, kwa sababu anachokitaka hasa ni uhakika kwamba hamuwalishi wapinzani wake peke yao.

La magunia kwenye kizuizi linahitaji kutofautisha vitu viwili. Sheria inauruhusu upande unaotawala eneo kukagua mizigo na kupanga njia na muda wa kupita. Haiuruhusu kuelekeza msaada kwingine. Basi kaguliweni bila kinyongo, hata kama inachukua saa nyingi, na kataeni kuacha hata gunia moja kwa makubaliano. Nasema kwa makubaliano, kwa sababu kijana mwenye bunduki akiamua kuchukua, dereva asishindane naye: ashushe kioo, aweke mikono inapoonekana, asiguse simu wala redio ya upepo, aache mzigo uende, kisha aandike kilichotokea akishafika mahali salama. Malalamiko hupelekwa baadaye na wakubwa kwa wakubwa. Dereva asigeuzwe mpatanishi, wala asipewe fedha za kulainisha njia, maana siku fedha hizo zitakapokosekana atakayeulizwa ni yeye.

La ada ya usajili ndilo gumu kuliko yote, na watu wema wanatofautiana kulihusu. Mashirika yaliyofanya kazi Somalia yanalijua vizuri. Januari 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha shughuli zake katika sehemu kubwa ya kusini mwa nchi hiyo kwa sababu ya mashambulizi na masharti ya al-Shabaab, yakiwemo kulipa fedha na kuwaondoa wanawake kazini. Kundi hilo lilikuwa limeanza kupiga marufuku mashirika, na mwishoni mwa 2011 likafukuza mengine 16 kwa mpigo. Katikati ya mambo hayo, ukame ulipokutana na vita na kupanda kwa bei ya vyakula, Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Julai 2011. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu 258,000 walikufa kutokana na janga hilo, zaidi kidogo ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Njaa ile ilikuwa na sababu nyingi, lakini yeyote anayesema kwa wepesi kwamba bora kuondoka kuliko kukubali masharti anapaswa kuitazama hesabu hiyo kwanza. Na anayesema kwa wepesi kwamba bora kulipa, akumbuke kwamba fedha hizo hununua risasi, na kwamba bei hupanda kila anayelipa anapoongezeka.

Ushauri wangu ni kwamba msijibu peke yenu. Kundi linapoweza kuliendea shirika mojamoja, litapata bei kutoka kwa lile lenye haraka zaidi. Yakutanisheni mashirika yote ya eneo hilo, mwandike msimamo mmoja, na mpeleke ujumbe mmoja kwa mtu aliye juu ya kamanda huyo. Sudan mwaka 1989 operesheni ya misaada iliyoitwa Lifeline Sudan ilianza kwa makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa, serikali na waasi wa kusini, na mwaka 1995 zikaandikwa kanuni za pamoja ambazo mfanyakazi aliyezuiwa njiani aliweza kuzitaja. Operesheni hiyo ilikuwa na kasoro nyingi, na msaada uliendelea kuporwa na njia kufungwa, lakini karatasi yenye saini ya wakubwa ilimpa mtu wa ngazi ya chini kitu cha kushika. Tafuteni karatasi ya namna hiyo. Ikishindikana, pangeni mapema ni jambo gani litawafanya msimamishe kazi, na muwaeleze wazee wa vijiji kabla halijatokea, kwa sababu wao nao wana sauti kwa kamanda, na mara nyingine sauti yao ina uzito kuliko ya kwetu.

Ninaongoza timu ya chanjo. Katika vijiji viwili tumeitwa majasusi na kufukuzwa kwa mawe. Nimeambiwa nirudi na ulinzi.
*Muuguzi*

Usirudi na ulinzi, dada yangu, na usirudi haraka. Shutuma hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, Pakistan, kumtafuta Osama bin Laden. Habari hizo zilipofichuka, shaka iliyokuwapo tayari juu ya chanjo ya polio ikapata ushahidi, na kuanzia Desemba 2012 watoa chanjo wengi, wakiwemo wanawake vijana wa vitongoji hivyohivyo, waliuawa. Serikali ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kwamba haitatumia tena chanjo kwa ujasusi. Ahadi hiyo haikuwarudisha waliokufa, na wazazi wanaowarushia mawe leo wana haki ya kuuliza.

Basi waulizwe wao wanaogopa nini. Mara nyingi ni jambo dogo linaloweza kuachwa: kupiga picha nyumba, kuandika idadi ya wanaume waliomo, simu inayorekodi kila mlango ulipo, au gari lililowahi kuonekana kwenye kambi ya jeshi. Ondoeni yote yasiyohitajika kwa chanjo. Tumieni wanawake wa kijiji chenyewe pale wanapokubali kwa hiari, na acheni mkunga au kiongozi wa dini anayeaminika awaalike. Ikichukua miezi, ichukue miezi.

Shirika letu ni la wenyeji. Mbia wetu wa kimataifa aliwahamisha watu wake mapigano yalipokaribia, akatuachia kazi ileile, ripoti zilezile, lakini bila bima, bila redio na bila gari la akiba. Tunaambiwa sisi tuko salama zaidi kwa kuwa tuko kwetu. Tunaweza kudai nini?
*Ofisa wa shughuli za uwandani*

Kwanza, kataeni hoja hiyo ya kwamba mko salama kwa kuwa mko kwenu. Mfanyakazi mwenyeji ana kabila, ana jina linalotambulika, ana shemeji katika upande mmoja na nyumba katika upande mwingine, na jioni hana mahali pa kwenda isipokuwa palepale anapojulikana. Agosti 2006, mjini Muttur nchini Sri Lanka, wafanyakazi 17 wa shirika la misaada la Action Against Hunger waliuawa kwa risasi katika eneo la ofisi yao. Wote walikuwa raia wa nchi hiyo. Ujuzi wa lugha na wa njia ni msaada mkubwa sana, na nimeona ukiokoa maisha, lakini tathmini ya hatari lazima ifanywe kwa kila mtu: fulani, wa asili fulani, katika barabara fulani, wiki hii.

Mbia wenu amefanya jambo linalofanyika kila mahali, nalo ni kuihamishia hatari kwa mwenye uwezo mdogo wa kuibeba, kisha kuliita jambo hilo usimamizi wa mbali. Kuendesha kazi kwa mbali kunaweza kuwa halali na hata kuwa bora, ikiwa uamuzi, fedha na vifaa vinahama pamoja na kazi. Kwenu kimehama kitu kimoja tu.

Mnachoweza kudai kiandikwe ndani ya bajeti na mkataba, katika mstari wake wenyewe, kisifichwe kwenye gharama za uendeshaji ambazo hukatwa kwanza. Bima ya kifo na ulemavu iwahusu wafanyakazi wote, wakiwemo madereva, walinzi na vibarua wa siku, na iwakinge hata nje ya saa za kazi, kwa kuwa anayetekwa usiku nyumbani kwa sababu ya kazi yake ametekwa kwa sababu ya kazi yake. Kuwe na mpango wa kuwahamisha ninyi na familia zenu ndani ya nchi, na mishahara iendelee shughuli zinaposimama. Muwe na njia mbili za mawasiliano, mkihakikisha kwanza kwamba simu ya setilaiti inaruhusiwa hapo mlipo, maana kuna nchi ambako kukutwa nayo tu kunaweza kukufikisha gerezani. Kuwe na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa majeraha ya vita, na mtu wa kuongea naye baada ya tukio baya.

Muhimu kuliko yote ni haki ya kusema hapana. Mfanyakazi anayeona safari haifai awe na uwezo wa kuiacha bila kupoteza kazi wala kuulizwa mara tatu, na shirika lenu nalo liwe na haki hiyohiyo mbele ya mbia bila mkataba kuvunjwa. Haki hii haitumiki mahali ambapo anayetoa taarifa ya tukio huonekana mzembe. Nimeshuhudia ofisi ambayo haikuwa na ripoti hata moja ya tukio kwa miezi mingi, wakati madereva wake walikuwa wakisimamishwa na kupekuliwa karibu kila safari.

Ile kesi ya Oslo niliyoitaja katika jibu la kwanza ilifungua macho ya mashirika mengi kuhusu wajibu wao kwa watu waliowaajiri moja kwa moja. Ninyi ni wabia, kwa hiyo mahakama huenda isiwatazame vilevile, na hilo ndilo linalofanya maandishi ya mkataba yawe na uzito mkubwa kwenu. Mwandikieni mbia sasa, kabla ya awamu mpya ya fedha, na nakala iende kwa mfadhili anayelipa. Akiuliza kwa nini gharama zimepanda, ambatanisheni bei ya bima, bei ya redio na orodha ya safari mlizofanya tangu watu wake walipoondoka.